Nani Amesema Juma Ni Jina Lisilo na Maana?

Jamaa zangu wa Maskati, wa Dubai, wa Uingereza na wa kila pahala ambapo mwaka 1964 na miaka iliyoufuata ilitutawanya, leo naandika nikiwa na hasira, wala sitaificha nyuma ya adabu. Mdogo wangu aliyeko Birmingham amejaaliwa mtoto wa kiume baada ya mabinti watatu. Alhamdulillahi. Adhana ilisomwa sikioni mwake, picha zikapita kutoka simu hadi simu, na vigelegele vikapigwa katika nchi nne kwa saa moja. Kisha tukakaa kungojea jina. Badala ya jina tukaletewa orodha.

Orodha hiyo ilikuwa na majina arobaini, ameyavua kutoka kurasa za intaneti zinazopima maana kama muuza halua apimavyo halua. Mbele ya kila jina pamewekwa sifa yake: "mfalme mdogo", "nuru ya alfajiri", "shujaa mwenye huruma". Sisi jamaa tukaombwa tupige kura. Niliisoma mara mbili, juu hadi chini. Juma halimo.

Juma ni jina la baba yetu. Alizaliwa Unguja, akafia Maskati, na mdogo wangu ndiye mwanawe wa kiume pekee. Kwa desturi ya kwetu, ambayo hakuna aliyehitaji kuiandika kwa kuwa hapakuwa na aliyeisahau, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Nikamwuliza kwa upole: mbona baba hayumo? Akanijibu mbele ya jamaa wote, "Dada, samahani, lakini Juma ni siku tu ya wiki, halina maana." Usiku akaniandikia peke yangu jibu la pili, fupi zaidi: "Na wewe uliyeko Oman unajua watu wanasema majina hayo yalikuwa ya nani."

Jibu la kwanza limetokana na kutojua, na kutojua kuna dawa. Jibu la pili limetokana na haya, na ndilo lililonikosesha usingizi. Nitayajibu yote mawili hapa hadharani, kwa kuwa naelewa vyema hayakusemwa katika nyumba yetu peke yake.

Nianze na kurasa hizo zenyewe. Utamkuta humo Bakari, ameandikwa kuwa ni jina la Kiswahili lenye maana ya "ahadi tukufu". Bakari ni Abubakar, ulimi wa pwani umempunguza mwanzo na kumwongeza mwisho, na bakr kwa Kiarabu ni ngamia mchanga. Ahadi haimo. Wala wazee hawakulipenda jina hilo kwa ajili ya ngamia. Walilipenda kwa ajili ya Sayyidna Abubakar, basi. Utamkuta Jelani, "mwenye nguvu". Jilani ni mtu wa Jilan, nchi iliyo kusini ya bahari ya Kaspi, na jina limefika kwetu kwa baraka za Sheikh Abdulqadir Jilani aliyefariki Baghdad mwaka 1166, ambaye dhikiri ya tarika yake imesomwa Unguja na Bara tangu karne ya kumi na tisa. Utamkuta Jabari, "jasiri", na hakuna aliyemwonya mzazi kwamba Al-Jabbaar ni katika majina ya Mwenyezi Mungu na kwamba wanavyuoni wamependelea mtu aitwe Abduljabbar. Utamkuta Rayyan, jina zuri bila shaka, la mlango wa Peponi watakaopita wafungao saumu. Lakini katika orodha ya mdogo wangu ndiye aliyeandikwa "mfalme mdogo", kwa sababu aliyeikusanya amemchanganya na Ryan wa Waayalandi.

Na Khalfani? Huyo ameandikwa "aliyekusudiwa kutawala". Mzizi wake ni wa kuja nyuma ya mwingine na kushika nafasi yake. Ndio uliozaa khalifa, na Khalaf, na Khalfan. Katika ukoo wetu walikuwamo akina Khalfani wawili, na wote wawili walizaliwa baada ya ndugu zao kuzikwa wangali wachanga. Bibi zetu hawakuwa wakiota ufalme walipolitamka jina hilo. Walikuwa wamerudi makaburini juzi.

Nyingi katika tafsiri hizi zilienea Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, pale Wamarekani weusi walipokuwa wakiyavua majina ya waliowamiliki babu zao na kutafuta ya Afrika. Hao siwacheki hata kidogo. Walinyang'anywa nasaba kwa mnyororo, wakawa wanaokota walichokiona, na kila jina waliloliokota walilivaa kwa heshima kuliko wengi wetu tulioachiwa majina yetu mzima. Lakini sisi tuna udhuru gani? Sisi tuna bibi zetu, tuna barua, tuna hati za wakfu, tuna makaburi yenye maandishi. Tuna hata kitabu kizima cha majina ya Waswahili alichotutolea Profesa Sharifa Zawawi, mwenzetu aliyesomesha New York, tangu mwaka 1993. Kumwacha huyo na kwenda kuiuliza intaneti Bakari ni nani ni sawa na mtu kutoka nyumbani kwake akaenda kumwuliza mpita njia jina la mama yake.

Sasa tuchukulie kwamba kurasa hizo zingekuwa sahihi. Bado nauliza: tangu lini mwana wa kiume akapewa jina kwa uzuri wa tafsiri yake?

Barghash bin Said alitawala Zanzibar tangu mwaka 1870 hadi 1888. Ndiye aliyejenga Beit el-Ajaib mwaka 1883 na ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji safi ya mfereji. Fungueni kamusi ya Kiarabu mtafute barghash. Ni mbu, wale wadogo, karibu na usubi. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala kutoka Maskati hadi pwani yetu yote, alimpa mwanawe jina hilo na hakuna aliyecheka. Uthman, jina la khalifa wa tatu, ambalo kwetu limekuwa Athumani, wanalugha wamelifasiri kuwa ni kifaranga cha ndege tandawala, na wengine wakasema ni mtoto wa nyoka. Talha, mmoja katika kumi waliobashiriwa Pepo, ni mti wa miiba. Na katika mababu wa Mtume wetu (S.A.W.) yumo Kilab, yaani mbwa, na huo ni wingi, si mbwa mmoja.

Niongeze mmoja wa pwani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ndiye aliyetuachia katika "Desturi za Wasuaheli", kitabu kilichotolewa Ujerumani mwaka 1903, maelezo ambayo hadi leo kila anayetaka kujua mababu walivyozaa, walivyooa na walivyozika hurudi kwake. Alisomesha Kiswahili Berlin, akaoa huko, akafia huko. Mtoro! Mtu mwenye jina la mkimbiaji ndiye aliyebaki kutuwekea nyumba. Katika orodha ya mdogo wangu asingepata hata kura moja.

Waarabu wa zamani walilijua jambo hili na walishambuliwa kwalo. Wasiokuwa Waarabu waliwasimanga kwa kuwaita watoto wao Mbwa, Jiwe na Mwiba, na Ibn Duraid akaandika kitabu kizima, "Al-Ishtiqaq", kueleza asili ya majina ya makabila na kujibu masimango hayo. Huyu alikuwa Mzdi, yaani wa kabila la Azd ambalo wengi wetu tunajivunia kutokana nalo, na aliishi Oman miaka mingi. Alifika Oman akikimbia Basra ilipotekwa mwaka 871 katika uasi wa Zanji, yaani uasi wa watumwa weusi ambao jina lao limo ndani ya neno Zanzibar. Nalitaja hilo kwa kuwa tutalihitaji baada ya mistari michache.

Mwanzoni mwa kitabu hicho Ibn Duraid anasimulia kwamba mjuzi mmoja aliulizwa: kwa nini Waarabu huwapa wana wao majina ya kuogofya, na watumwa wao huwapa majina mazuri? Akajibu kwamba wana wao waliwapa majina kwa ajili ya maadui, na watumwa waliwapa majina kwa ajili ya nafsi zao. Mwana ataitwa vitani, na jina lake limkere adui. Mtumwa ataitwa ndani ya nyumba, na jina lake limfurahishe bwana.

Isomeni tena habari hiyo polepole, kisha muiangalie orodha ya majina arobaini. Jina tamu, laini, lenye harufu nzuri, lililochaguliwa kwa jinsi linavyompendeza anayeita: hilo, kwa mujibu wa wazee wa Kiarabu ambao mdogo wangu anataka sana afanane nao, ndilo lililokuwa jina la mtumwa.

Haya, sasa tumefika penyewe.

Sote tunajua majina ambayo jamaa wanayakwepa wanaposema "majina yale". Mabruki, aliyebarikiwa. Feruzi, kito cha rangi ya bahari, neno tulilolipata kutoka Uajemi. Almasi. Marjani. Baraka. Farjalla, faraja ya Mungu. Na pamoja nayo majina ya siku, Juma na Khamis, ambayo mara nyingi aliyenunuliwa aliandikiwa kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kumwuliza mama yake alimwitaje. Biashara ya soko la watumwa Unguja ilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa ikaondolewa kisheria huko mwaka 1897, na hapa Oman ikaondolewa mwaka 1970. Elfu moja mia tisa na sabini. Mimi nilikuwa nimekwisha kwenda chuoni. Kwa hiyo mtu anaposema hapa kwamba jina fulani "linajulikana", hasemi historia ya kale. Anasema mambo ambayo baba yake aliyaona kwa macho.

Nami nasema: kama Juma lina harufu, harufu hiyo si ya aliyeitwa. Ni ya aliyemwita. Mtu anayelikimbia jina la mtumwa anakiri, bila kujua, kwamba anakumbuka babu zake walikuwa upande gani wa baraza. Na badala ya kuona haya kwa walichokifanya babu, anaona haya kwa waliofanyiwa. Sijapata kuona haya iliyokosea njia namna hiyo.

Tena si kweli kwamba majina hayo yalikuwa ya watumwa peke yao. Chukueni moja tu, Mubarak. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, alitekwa akiwa mdogo, akauzwa Kilwa, akapelekwa Bara Hindi, akapata uhuru, akarudi. Aliwaongoza Burton na Speke tangu mwaka 1857, akasafiri na Stanley, kisha akavuka Afrika nzima na Cameron kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi, kati ya miaka 1873 na 1875. Jina alilopewa na mama yake halikuhifadhiwa. Lililobaki ni lile alilobandikwa. Katika zama hizo hizo alikuwako Gasi, kusini ya Mombasa, Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa ukoo uliowahi kuitawala Mombasa, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 hadi akalazimika kuvuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Jina ni lile lile, mzizi ni ule ule, baraka ni ile ile. Mmoja alilipewa na aliyemnunua, mwingine na aliyemzaa. Kamusi haiwezi kukwambia yupi ni yupi. Na Juma? Cameron alipofika kule bara ndani mwaka 1874 alikaribishwa na mfanyabiashara Mwarabu aliyejulikana na watu wote kwa jina la Juma Merikani, kwa sababu ya kitambaa cha merikani alichokuwa akikiuza. Waarabu wa Oman walikuwa na akina Juma kabla hawajapakia jahazi, na wanao hadi leo, ila wao huongeza ain mwishoni na kujiona wamepona.

Kwa hakika wengi wetu tumefanya mchezo huo wa herufi. Nassor wa Unguja aliposhuka Maskati akaandikwa Nasser. Salum akawa Salim, Seif akawa Saif, Bakari akarudishiwa Abu yake. Ndugu wawili wa baba mmoja, mmoja kabaki Mombasa na mwingine yuko Maskati, karatasi zao zinashuhudia kwamba hawajuani. Nilidhani ni mambo ya makarani. Sasa naona tulikuwa tukijifunza kidogo kidogo kuyaonea haya matamshi ya mama zetu, na mtoto wa Birmingham amehitimu katika somo tulilomfundisha sisi.

Na mimi simo nje. Mwaka 1988 nilinunua Ruwi kijitabu cha majina na maana zake, nikamchagulia mwanangu mkubwa jina lenye maana ya mwangaza. Baba yangu alilipokea kwa tabasamu, akauliza tu, "Nani mwenzake?" Alitaka kujua somo wake ni nani, yaani ni yupi katika walio hai au waliokufa ambaye mtoto huyu analibeba jina lake. Sikuwa na jibu. Mwanangu ana miaka thelathini na zaidi, ni mtu mwema, na hana somo.

Neno hilo somo ndilo ninalotaka jamaa walishike. Kwetu anayechangia jina nawe ni mtu wako. Mzee humwita kijana "somo yangu" akampa cha mfukoni. Mama wa mtoto, kwa kuwa hawezi kulitamka hovyo jina la baba mkwe wake, humwita mwanawe "Babu", na mtoto wa miaka miwili hukua akijua kwamba ndani yake kuna mtu wa kuheshimiwa. Wifi yangu wa Birmingham, Mungu amhifadhi, ndiye wa mwisho katika nyumba yetu aliyewahi kumwamkia baba kwa kupiga goti. Angemwita mtoto huyu "Babu" bila kufundishwa.

Nitaletewa dini, najua, na nailetea nafasi mapema. Nitaambiwa Mtume (S.A.W.) alihimiza majina mazuri na aliyabadilisha mabaya. Kweli. Wala sitaificha habari iliyo nzito zaidi dhidi yangu: alikuwako mtu aitwaye Hazn, maana yake ardhi ngumu, Mtume akamtaka awe Sahl, ardhi laini, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, aliyekuwa katika wanavyuoni wakubwa wa Madina, alisimulia kwamba ugumu uliendelea kuwamo katika ukoo wao. Naikubali. Lakini Mtume huyo huyo alimwoza Uthman binti zake wawili na hakumwambia abadilishe jina la kifaranga. Hakumbadilisha Talha. Hakumbadilisha Muawiya, na maana ya Muawiya katika kamusi siiandiki hapa, mtafute wenyewe. Na Zubair bin al-Awwam imepokewa kwamba aliwapa wanawe majina ya mashahidi, Hamza, Mus'ab, Jaafar na wenzao, akitaraji watoto wafuate mwendo wa watu. Hakufungua kamusi, alikumbuka makaburi ya Uhud. Sasa nionyesheni katika Juma iko wapi shirki, uko wapi ubaya, kiko wapi kiburi. Ni siku iliyo bora katika siku, na sura ya 62 ya Qurani imepewa jina lake.

Halina maana! Jina lenye mzizi wa kukusanya watu pamoja, halina maana. Waswahili wameihesabu wiki nzima kwa kulitazama hilo: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, hadi Jumatano, na wiki yenyewe, kabla ya kuiita wiki, waliiita juma. Na zaidi ya hayo, kwa babu zetu majina ya namna hii yalikuwa ndiyo daftari. Miraji alizaliwa usiku wa kupaa Mtume, Maulidi katika mwezi wa uzawa wake, Idi siku ya sikukuu, Haji wakati wa hija, Rajabu na Shaabani na Ramadhani katika miezi yao. Pasipoti ya baba yangu ilisema amezaliwa tarehe 1 Januari, kama pasipoti za nusu ya rika lake, kwa kuwa karani alihitaji kujaza pengo. Tarehe hiyo ni ya karani. Kitu kimoja tu cha kweli kilichobaki kuhusu saa aliyoingia duniani ni kwamba ilikuwa siku ya Ijumaa, mama yake aliijua, akaiweka mahali ambapo haingepotea. Aliiweka katika jina.

Na hapa ndipo hasara ilipo, jamaa, wala si hasara ya hisia. Katika karatasi za Oman mtoto huandikwa jina lake, la baba yake, la babu yake, kisha kabila. Hata angeitwa "mfalme mdogo", babu angalionekana. Katika cheti cha kuzaliwa cha Uingereza hakuna nafasi ya bin. Litaandikwa jina la mtoto na jina la ukoo, na mahali pengine jina la baba yake, basi. Mtoto huyu akipewa jina la orodha, hakutakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake ambamo baba yetu ametajwa. Binamu yake wa Unguja atakapomtafuta baada ya miaka arobaini, na watoto wetu watatafutana, atashika uzi gani? Sisi tulipotafutana baada ya 1964, kwa barua zilizopitia Mombasa na Kuwait, tulishikana kwa majina yaliyojirudia: Said bin Salim bin Said bin Salim. Mtu alisikia mnyororo huo katika mji wa ugenini akajua amefika kwao.

Mdogo wangu, najua utasoma. Unasema hutaki mwanao achekwe na watoto wa Maskati akija likizo. Waulize jamaa waliokaa hapa, kuna aliyewahi kumcheka baba yetu mbele yake? Aliposimama mtu huyo, akiwa na kanzu yake iliyopigwa pasi na kofia aliyoishona mwenyewe kwa miezi mitatu, na kujitaja kwa sauti, Juma bin fulani bin fulani, wenye masikio walisikia nasaba na wenye adabu walinyamaza. Waliokuwa wakinong'ona walinong'ona akiwa ametoka. Wewe unataka kuwatii hao.

Akika imeahirishwa hadi muafaka upatikane. Kondoo yuko, anakula majani kwa gharama ya mjomba. Sheria ya Uingereza inampa mzazi siku 42 kuandikisha uzazi. Leo ni siku ya ishirini na tatu. Mama amenituma niseme kwamba kura haipigi, na kwamba yeye, kila anapoletewa picha ya mtoto, humwita kwa jina lake.